Muhula Ambao Mke Wangu Hakutabasamu

Jumatatu, 4 Machi

Shule imefunguliwa leo na mvua nayo imefungua. Mkuu wa shule amegawa madaftari ya jalada gumu kwa walimu wote, akasema kila mmoja aandike humo mambo ya kazi. Nitaandika ya kazi. Ya nyumbani yakijipenyeza, basi, daftari ni langu.

Kwa kumbukumbu: ninafundisha hisabati, darasa la sita na la saba. Wanafunzi wananiita Rula na wanadhani sijui. Mke wangu anafundisha lugha chumba cha pili, tunatenganishwa na ukuta mmoja wa mbao. Yeye wanamwita Kicheko, tena mbele yake, naye anaitika. Miaka kumi na moja nimefundisha kugawanya na kuzidisha huku upande wa pili wa ukuta watoto wanavunjika mbavu.

Leo nimefundisha kwa utulivu mkubwa. Nilikuwa nimefika katikati ya kipindi ndipo nikagundua kwamba kinachonikera ni huo utulivu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Choo cha walimu kinavuja.

Jumatatu, 11 Machi

Mama amehamia kwetu kwa muda, paa la chumba chake limeng'oka upande mmoja. Amekuja na begi, redio, na maneno yake yote. Mke wangu alimpokea begi mlangoni, likamponyoka mkononi kama limepakwa mafuta. Mama hakusema kitu. Kwa Mama, hilo si jambo la kawaida. Nimejiandaa kwa vita. Mungu hakutujalia mtoto, na tangu miaka ile nimeamini kwamba Mama anamvumilia tu mkwewe kwa ajili yangu.

Kipindi cha mwisho sauti ya mke wangu ilipenya ukutani kama ya mtu aliyebanwa pua, halafu ikafifia, kama redio inayoishiwa betri. Wanafunzi wangu wakacheka. Mmoja akaigiza. Nikamsimamisha kwenye kona.

Njiani nilimwuliza mke wangu, "Una mafua?"

"Sina."

"Mbona unaongea puani?"

"Sijui, mwenzangu. Asubuhi ninaanza vizuri. Ikifika mchana maneno yananigomea."

Nikamwambia apunguze kupayuka darasani.

Alhamisi, 14 Machi

Mtihani wa majaribio. Wastani wa darasa la saba ni arobaini na mbili. Aibu tupu.

Jumanne, 19 Machi

Ninaandika nikiwa na hasira, na mwenye hasira anatakiwa aandike polepole.

Leo kwenye kikao cha walimu Mkuu ametangaza kwamba kuanzia sasa ninakaimu umakamu wa shule. Nimeingoja siku hii miaka sita. Walimu wakapiga makofi, mwalimu wa sayansi akapiga mluzi, karani akasema "Tupe hotuba!" Nikasimama. Na kama mtu yeyote ambaye amepata jambo zuri, macho yangu yakamtafuta mke wangu.

Alikuwa amekaa karibu na dirisha. Kope zake zimeshuka nusu. Mdomo wake wa juu ulikuwa umejivuta katikati, meno mawili yakaonekana, na pembe za mdomo zimelala palepale. Ule ni uso wa mtu aliyenusa kitu kibovu. Alinitazama hivyo mbele ya walimu kumi na wanane. Hotuba ikanipotea. Nilisema "ahsanteni" nikakaa.

Nyumbani sikuweza kunyamaza.

"Hivi nimekukosea nini mpaka unikebehi mbele za watu?"

"Nimekukebehi?"

"Pale kikaoni. Ule uso."

"Nilikuwa natabasamu," akasema.

"Lile si tabasamu. Tabasamu lako ninalijua."

"Basi kama unalijua, niamini ninapokwambia nilikuwa natabasamu."

Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Akasema bila kuinua kichwa, "Mwenyewe amesema." Nikatoka nje, nikasimama barazani natazama mvua mpaka wakamaliza kula.

Ijumaa, 22 Machi

Hatusemeshani. Salamu tu, kama majirani.

Jumatano, 27 Machi

Mkuu aliniita ofisini baada ya chakula cha mchana. Akafunga mlango mwenyewe.

Mzazi mmoja amelalamika. Alikuja kumchukua mwanawe saa nane mchana akamkuta mke wangu amejiegemeza ubaoni, macho nusu, ulimi mzito. Mzazi anasema mwalimu amelewa. Karani naye anasema juzi alimwona akiyumba kwenye ngazi.

"Mimi siwezi kusikiliza ya watu," Mkuu akasema. "Ndiyo maana nakuuliza wewe. Wewe unalala naye nyumba moja. Anakunywa?"

Mke wangu hajawahi kuonja kilevi. Hata dawa ya kikohozi inamchefua. Jibu lilikuwa neno moja, jepesi. Lakini nilikuwa bado nauona ule mdomo ulionyanyuka siku yangu ya makofi, na kikatoka kitu kingine.

"Sijui, Mkuu," nikasema.

Jioni nilipofika nyumbani nilikiinua kikombe chake mezani, nikakinusa. Chai. Nilipogeuka, alikuwa amesimama mlangoni.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua siku ya tisa mfululizo. Mama amenivamia nikiwa nanyoa ndevu.

"Huyu mwanamke anaumwa."

"Ameshaenda zahanati, Mama. Wamemwambia ni uchovu na mawazo. Wamempa vidonge vya vitamini."

"Na watu huko shuleni wanasema nini?"

Nikamwambia wanachosema. Mama akaweka mikono kiunoni.

"Mtu aliyelewa ananuka. Huyu ananuka sabuni. Mimi nimeishi na mlevi miaka ishirini na saba, Mungu amrehemu baba yako, sihitaji kufundishwa."

Nilimjibu kwamba ugonjwa gani huu unaojua ratiba ya shule, asubuhi mzima kama kengele, ikifika saa nane hoi. Nilijiona nimesema jambo la akili.

Ijumaa, 5 Aprili

Mke wangu anazibaziba jicho moja akisahihisha madaftari. Sijamwuliza.

Jumatano, 10 Aprili

Nimefanya leo jambo ambalo nitalieleza kama lilivyotokea.

Mkuu aliandika barua ya kumsimamisha mke wangu kazi kwa muda usiojulikana, "kwa sababu za mwenendo." Barua za nidhamu husainiwa na makamu. Mkuu aliniambia kama ninaona vigumu ataisaini yeye. Alisema hivyo, lazima nikiri. Mimi ndiye niliyesema hapana, nikimkwepesha mke wangu watasema ninapendelea. Nikatia saini. Saini yangu ilitoka nzuri kabisa.

Nilimkabidhi ofisini kwa karani. Aliisoma akiwa amefunika jicho la kushoto kwa kiganja, na mimi moyoni nikasema, sasa anaigiza. Akaisoma mpaka chini, pale penye jina langu.

"Hii ni saini yako."

"Ni ya ofisi."

"Ni yako. Naujua ule mkia wa mwisho." Sauti ilikuwa imeshaanza kwenda puani. Karani alikuwa anajifanya anatafuta faili. Mke wangu akaikunja barua mara mbili, akaitia kwenye mkoba, akaondoka. Kwenye ngazi alishika ukuta kwa mikono miwili.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimepewa darasa lake. Nilipoingia hakuna aliyesimama.

Jumatano, 17 Aprili

Leo mezani mke wangu alikuwa anakula mkono mmoja ukiwa chini ya kidevu, anasukuma taya lipande kila anapotafuna. Chai ikamtokea puani. Nikamwambia, "Unaweza kula kama mtu mzima?"

Mama aliacha kula. Akainuka, akachukua sahani yake na ya mke wangu, wakaenda kukaa jikoni wote wawili. Nilikula peke yangu. Niliwasikia wanaongea, Mama akimsimulia kisa cha jirani yetu wa zamani aliyemfukuza jogoo mpaka akatumbukia kisimani, na nikangoja kile kicheko. Hakikuja. Ilisikika pumzi tu, fupifupi, kama mtu anayepanda mlima.

Jumatatu, 22 Aprili

Nitajaribu kuandika kila kitu.

Nilipigiwa simu saa nne asubuhi nikiwa darasani. Mama. "Niko hospitali kubwa na mkeo. Ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, endelea na hesabu zako." Alikuwa amempakia kwenye pikapu ya jirani bila kuniambia.

Nilifika nimelowa. Daktari wa mishipa ya fahamu ni mwanamke mfupi, amevaa viatu vya mpira kwa sababu ya matope ya uwanjani. Mke wangu alikuwa amelala kwenye kitanda cha vipimo, kope la kulia limefunga jicho kabisa, la kushoto nusu. Daktari alimwambia atazame juu, asipepese. Akahesabu. Kabla ya thelathini kope la kushoto nalo likashuka, polepole, kama pazia linaloachiliwa.

Kisha akamwita nesi alete barafu. Wakaitia kwenye glavu, wakaifunga, daktari akailaza juu ya jicho lililofungwa akatazama saa yake. Dakika mbili. Alipoiondoa, akafuta maji kwa pamba, akasema, "Fungua, dada."

Jicho likafunguka. Lote. Jeusi, zima, likaangaza chumba kizima kama lililokuwa safarini. Wiki saba sikuwa nimeliona hivyo. Likapita kwangu, likaenda kwa Mama.

"Barafu haimponyeshi mlevi," daktari akasema. Nadhani Mama alikuwa amemsimulia.

Akanichorea nyuma ya fomu. Nimeibandika hapa ukurasani, lakini nitaandika alivyosema kwa sababu sitaki kusahau.

"Wewe ni mwalimu, utanielewa. Huu ni mwisho wa neva. Huu ni msuli. Havigusani, kuna upenyo mdogo katikati. Ubongo ukitaka kope lipande, neva inamwaga kemikali kwenye upenyo. Juu ya ganda la seli ya msuli kuna protini zinazoisubiri. Tunaziita vipokezi. Kila kipokezi ni vipande vitano vilivyosimama duara, katikati yake kitundu kilichofungwa. Kemikali ikinasa kwenye kipokezi, kitundu kinafunguka, chembe za chumvi zenye umeme zinaingia, msuli unakaza. Hapo ndipo amri imefika."

"Na kwake?"

"Ubongo wake mzima. Neva nzima. Hata msuli wenyewe ni mzima. Tatizo liko pale mlangoni. Kingamwili, yaani askari wa mwili wake mwenyewe, wamevidhania vipokezi ni adui. Wanaviziba, wanavibomoa. Vimebaki vichache. Akipumzika vinatosha kwa muda. Lakini msuli ukitumika mara nyingi mfululizo, neva inamwaga kemikali pungufu kila mara. Wewe na mimi tuna vipokezi vya akiba, hatuoni tofauti. Yeye hana akiba. Ndiyo maana anaanza siku vizuri na kuimaliza hoi."

Niliuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa. "Akitaka kutabasamu, inakuwaje?"

"Amri inatoka kama kawaida. Haipokelewi. Misuli inayovuta pembe za mdomo imelegea, ya katikati inanyanyua peke yake. Inatoka sura ya dharau. Nimewahi kutibu mwanamke aliyepigwa na mumewe kwa ajili ya uso huo."

Mama alinitazama. Mke wangu alikuwa anatazama dari.

Wakamchoma sindano ya kuzuia kemikali isivunjwe upesi, ili ile kidogo iliyopo ikae muda mrefu zaidi kwenye upenyo na kuvikuta vipokezi vilivyobaki. Tulikaa kusubiri. Mama alianza kumsimulia nesi kisa cha jogoo na kisima. Alipofika jirani anapotumbukia, mke wangu akacheka. Kicheko chenyewe, cha tumboni, na uso wake wote ukapanda pamoja nacho, mashavu, macho, pembe mbili za mdomo. Mama akaupapasa uso ule kwa mikono miwili, akalia.

Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Uso ule ulidumu kama saa mbili, halafu ukashuka tena. Katika saa hizo mbili hakunitazama kwa uso ule hata mara moja.

Jumanne, 23 Aprili

Amerudi nyumbani na vidonge, kimoja kila baada ya saa nne. Daktari ametupa karatasi yenye orodha ya dawa ambazo asipewe kamwe. Mama ameibandika kwenye mlango wa kabati la jikoni.

Jumatano, 24 Aprili

Nimemwomba msamaha. Alikuwa anakoroga uji. Akasema, "Sawa." Nikangoja aongeze. Hakuongeza.

Alhamisi, 25 Aprili

Mke wangu ana kikohozi na homa. Mimi, kwa kutaka kuonekana ninajali, nilitoka shuleni mapema nikapita duka la dawa, nikanunua vidonge vya kifua. Mama alikuwa amekwenda kuangalia paa lake.

"Umewaambia ugonjwa wangu?" mke wangu akauliza.

"Ni dawa ya kifua tu."

"Umeitazama karatasi ya daktari?"

"Hivi hata dawa ya kikohozi tubishane?" nikasema, nikicheka. Alikuwa amechoka. Akameza.

Jumamosi, 27 Aprili

Chumba cha wagonjwa mahututi. Mrija umepita mdomoni, mashine inampumulia.

Ilianza leo asubuhi. Alikaa kitandani amejiinamia, mikono magotini, akashindwa kumaliza kuhesabu mpaka kumi kwa pumzi moja. Saba. Kisha tano. Mama akapiga kelele barazani, jirani akaja na pikapu. Mimi nilimbeba. Mwepesi. Kichwa kilikuwa kinaangukia nyuma, shingo haikishiki.

Daktari alituuliza amekula dawa gani. Nikatoa pakiti mfukoni. Aliisoma, akafumba macho kidogo.

"Hii imo kwenye karatasi yangu. Mstari wa pili."

"Ndiyo iliyomfikisha hapa?"

"Kifua kingeweza kumfikisha hapa chenyewe. Lakini hii inazidisha ulegevu kwa wenye ugonjwa huu. Sitakudanganya." Kisha akasema kwa upole zaidi, "Misuli ya kupumua nayo ina vipokezi, Mwalimu. Vilevile kama vya kope."

Mama hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani, akasema, "Nenda kaniletee kanga yangu kavu." Nikaenda.

Jumatatu, 29 Aprili

Sikwenda shule. Mashine bado.

Jumatano, 1 Mei

Wanamsafisha damu. Mashine nyingine inatoa maji ya damu yaliyojaa wale askari, inarudisha damu pamoja na maji mengine safi. Mara tano, siku moja ndiyo siku moja hapana. Daktari anasema haibadilishi kiwanda kinachotengeneza askari, inanunua muda tu, vipokezi vipya viote. Seli ya msuli haichoki kuvitengeneza, amesema. Vikibomolewa inaweka vingine.

Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, amefika. Anaendesha duka la dobi na ana mikono ya kazi. Alinipa mkono, akauondoa haraka. Anajua yote. Mama amemweleza, na hakunificha kwamba amemweleza.

Nilidhani namjua Mama. Nilimwuliza leo kwenye benchi, "Mama, mbona umempenda hivi? Nilidhani humtaki."

"Nani alikwambia simtaki?"

"Kwa sababu ya mtoto."

Alinikazia macho kama naongea kigeni. "Uliwahi kuniuliza?"

Ijumaa, 3 Mei

Anaweza kuandika. Nesi amempa kipande cha boksi na kalamu. Kwa Mama ameandika, *Paa limekwisha?* Kwa dada yake, *Duka nani analinda?* Nilipokaribia nikamshika vidole, akavichomoa taratibu ili aandike. *Nenda kazini.*

Jumatatu, 6 Mei

Nilikwenda kwa Mkuu na ripoti ya daktari. Njia nzima nilikuwa nimejaa maneno makali ya kumwambia. Aliisoma yote, akavua miwani.

"Barua inafutwa leo hii. Nitamwandikia mwenyewe, nimwombe radhi." Kisha akasema, "Lakini Mwalimu, mimi nilikuuliza. Nilifunga mlango nikakuuliza wewe, mume. Ungesema hapana, ningemfukuza yule mzazi."

Maneno makali niliyokuja nayo hayakuwa na pa kwenda.

Alasiri niliwaita walimu wote. Nikasema mke wangu hajawahi kulewa, anaumwa, na nilijua hajawahi kulewa siku nilipotia saini. Mwalimu wa sayansi alikuwa anatazama viatu vyake. Karani akatoka nje akilia.

Jumatano, 8 Mei

Mrija umetolewa. Anapumua mwenyewe.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua imepungua. Darasa lake wamemtumia barua arobaini na moja. Nimezisahihisha makosa ya herufi, kisha nikajiona mjinga, nikayafuta masahihisho.

Jumanne, 14 Mei

Yuko wodi ya kawaida. Nilimpelekea barua ya Mkuu. Akaisoma kwa macho mawili, bila kufunika lolote, akaiweka chini ya mto.

Shemeji na Mama walitoka. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi. Nilikuwa nimesoma kila kitu juu ya vile vipokezi, nimejaza kurasa sita za daftari hili, nikazing'oa baadaye. Nikamwambia nimeelewa sasa. Nikamwambia kwamba muda wote ule alikuwa anaongea, anatabasamu, anatuma, na mimi ndiye sikuwa napokea. Kwamba hata mimi nilikuwa kama wale...

"Usimalizie," akasema.

Sauti yake bado ndogo, imekwaruzwa na mrija. Alipumzika kati ya sentensi na sentensi, nami nikajifunza kungoja.

"Usijifananishe na ugonjwa wangu. Vipokezi vyangu vilizibwa. Havikuwa na hiari."

Akapumzika.

"Wewe hukuzibwa. Nilikwambia natabasamu. Ulisikia. Nilikwambia maneno yananigomea. Ulisikia. Nilikuuliza kuhusu karatasi. Ulisikia, ukacheka."

"Nilikuwa na hasira."

"Najua. Mimi pia nilikuwa na hasira. Sikukupeleka kwa Mkuu."

Akafumba macho. Nilidhani ni kope, nikataka kumwita nesi. Akasema akiwa amefumba, "Nimechoka tu. Kuchoka kwa kawaida." Na kweli, pembe za mdomo wake zilipanda kidogo. Sijui kama ilikuwa kwangu.

Jumapili, 19 Mei

Ameruhusiwa. Amekwenda kwa dada yake. Kule hakuna ngazi, na duka liko mbele, kuna mtu muda wote. Sababu zote ni za maana. Nilibeba begi mpaka kwenye gari.

Mama amekwenda naye.

"Nani atamkumbusha vidonge?" aliniuliza, kama mimi ndiye niliyekataa. "Shemeji yako yuko dukani kutwa. Wewe una miguu, una mikono, unajua kupika wali." Akachukua redio yake. Mlangoni akanishika shavu. "Mwanangu, wewe ni damu yangu. Lakini yeye ndiye mgonjwa."

Jumatatu, 20 Mei

Nimepika wali. Umeungua.

Alhamisi, 23 Mei

Nilikwenda baada ya masomo, saa tisa. Shemeji alikuwa anapiga pasi. Akasema amelala, daktari ameagiza apumzike kila alasiri. Nilikaa kwenye kiti cha wateja katikati ya mashati ya watu. Kupitia mlango wa ndani nilimwona Mama ameketi karibu na kitanda, anampepea kwa gazeti. Aliniona. Akaweka kidole mdomoni.

Nilikaa saa nzima. Nilipoaga, shemeji alinipa mkono, na safari hii hakuuondoa haraka. Hilo liliniumiza kuliko lile la kwanza.

Jumatatu, 27 Mei

Mitihani ya mwisho. Jua.

Ijumaa, 31 Mei

Shule imefungwa leo.

Simu iliita saa mbili asubuhi, bado niko nyumbani, nimeshika shati. Ilikuwa yeye. Sauti yake ilikuwa nzima. Nzima kabisa, yenye ukingo, kila herufi mahali pake. Kwa muda nilifurahi tu kuisikia, sikuwa nasikiliza inasema nini, ikabidi nimwombe aanze tena.

"Nimemeza kidonge saa moja," akasema. "Nimekupigia saa hizi makusudi, sauti yangu ikiwa haina kasoro, ili usije ukasema hukunielewa. Sirudi."

"Kwa muda gani?"

"Sirudi. Nimeomba uhamisho, shule ya huku karibu na dada. Mkuu amenisaidia kuandika. Watanipa vipindi vya asubuhi tu. Vitu vyangu shemeji yako atakuja kuvichukua Jumapili. Vyombo vibaki, utavihitaji."

Nilisema nitabadilika. Nilisema nimeshabadilika. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Inawezekana," akasema. "Naona unajitahidi, na sikuchukii, nisikudanganye. Ila mimi siwezi tena kukaa nyumba moja na mtu nikawa napima, hili ataliamini, hili hataliamini. Nguvu niliyonayo kwa siku ni kidogo. Siwezi kuitumia huko."

Nilisikia pasi ya shemeji ikipuliza mvuke.

"Umenisikia?" akauliza.

"Nimekusikia."

"Sema nilivyosema."

Nikasema. Nilirudia yote, uhamisho, vipindi vya asubuhi, Jumapili, vyombo, kwamba hanichukii, kwamba harudi. Sikupunguza na sikuongeza.

"Ndivyo," akasema, na nikasikia sauti yake inalegea, si kwa ugonjwa. Nadhani alikuwa analia. Simu ikabadilisha mikono.

"Umekula?" Mama akauliza.

Nikamwambia nimekula.

"Muongo," akasema, na wote wawili tukakaa kwenye simu bila kusema, kila mmoja akingoja mwenzake akate.